Thibitisha Kwamba Wewe ni Binadamu

Jumatatu, tarehe 9 Machi. Asubuhi hiyo mawingu yalishuka karibu na paa la Wizara, meusi kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, lakini mvua haikunyesha. Upepo haukuwepo. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni anasema taarifa ianze na tarehe na hali ya hewa, ili msomaji ajue kwamba mwandishi alikuwepo. Nilikuwepo. Mimi, Eliwaza, ndiye ninayepika chai katika Wizara ya Kuwasikiliza Wananchi, ghorofa ya tatu. Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa sababu ombi langu la kibali cha kulitaja bado halijapita kwenye fomu.

Na habari hii ni ya fomu hiyo.

Saa mbili na nusu aliingia mama mmoja mwenye umri wa kama miaka sitini na mitatu, viatu mkononi, kwa kuwa aliona sakafu inang'aa akadhani ni msikiti. Aliitwa Bi Sikitu Mbonde, mpishi wa uji katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya Mto Mkwiso. Alitaka kumwona mtu yeyote anayehusika na madaraja. Nilimhurumia. Hakujua kwamba sisi tulikwisha kuacha kuonana na watu.

*

Nieleze tulivyofika hapo.

Mwanzoni fomu kwenye tovuti ya Wizara ilikuwa na maswali matatu: jina lako, kijiji chako, shida yako. Mwananchi alijaza, akabonyeza kitufe cha kutuma, akaendelea na kazi zake. Ilikuwa rahisi mno, na jambo hilo lilipaswa kututia wasiwasi mapema. Wiki ya kwanza zilikuja jumbe elfu nne na kumi na mbili. Tatu zilitoka kwa wananchi. Zilizobaki zilikuwa jumbe taka, zilizotumwa na mashine za nchi za mbali ambazo huandika mchana kutwa bila kunywa chai. Zilitangaza dawa ya kuotesha nywele, mikanda ya kupunguza tumbo, na zawadi kwa washindi wa michezo ambayo hakuna aliyeicheza.

Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Balthazari Ngwegwe, ni mtu asiyedharau barua. Alipoandikiwa kwamba ameshinda trekta, alikwenda bandarini kulipokea, pamoja na bendi ya tarumbeta. Trekta halikuwepo. Wiki iliyofuata alikwenda tena, huenda meli ilichelewa. Aliporudi mara ya pili aliitisha kamati.

Kamati iliongozwa na Mkurugenzi wa Usafi wa Fomu, Bwana Shemhilu, mtu wa nidhamu ambaye husimama wima anapozungumza na Waziri hata kwa simu.

"Ndugu wajumbe," alisema, "tumevamiwa. Adui huyu hana uso, hana kijiji, hana hata mjumbe wa nyumba kumi. Lazima tumtenganishe na mwananchi."

Bi Lulu Ndagala, mtaalamu wetu pekee wa kompyuta, alikuwa amekaa karibu na birika langu, maana viti vya mezani vilikuwa vya wajumbe. Alinyoosha mkono.

"Mkurugenzi, ipo njia isiyomsumbua mwananchi. Tunaweka kisanduku kimoja kilichofichwa kwenye fomu. Macho ya mtu hayakioni. Mashine haina macho, inasoma maandishi ya ndani, kwa hiyo inajaza kila kisanduku inachokikuta. Kikijazwa, tunajua ni mashine, tunatupa. Kikiwa kitupu, ni mtu. Basi."

"Na mwananchi atafanya nini?"

"Hafanyi chochote."

"Chochote?"

"Wala hatajua kama kipo."

Bwana Shemhilu alimtazama kwa upole. "Sasa Bi Lulu, binti yangu, asipojua, atajuaje kwamba tunamlinda?"

Wajumbe walipiga meza. Nami nilipiga, kwa kijiko.

*

Ulinzi ukaanza. Kwanza kiliwekwa kisanduku cha kutia tiki, chenye maneno: *Mimi si roboti.* Maroboti yote yakatia tiki. Kamati ilishtuka sana. Mjumbe mmoja aliyesoma seminari alisema hakuwahi kufikiri kwamba roboti anaweza kudanganya kwa maandishi.

Zikaja picha. Mwananchi aliambiwa achague picha zote zenye taa za kuongozea magari. Nchi yetu ina taa moja ya namna hiyo, katika mji mkuu, nayo imefunikwa shuka kwa miaka minne ikisubiri kuzinduliwa. Watu wa vijijini walichagua karabai. Malalamiko yalipotufikia kwa mdomo, Mheshimiwa aliagiza picha za kizalendo: *Chagua picha zote zenye Mheshimiwa Waziri.* Picha zilikuwa tisa, na alikuwemo katika zote, ingawa katika moja alikuwa nyuma ya mbuzi wa maonyesho ya kilimo. Waliomwacha yule wa nyuma ya mbuzi waliandikwa maroboti. Waliomchagua mbuzi waliandikwa mahali pengine.

Kikaja kidole. Kila mtu aweke kidole kwenye kioo cha simu. Mashine zilituma picha ya kidole kimoja, kilekile, mara elfu sita, nacho kilikubaliwa kila mara kwa kuwa kilikuwa kidole kinachojulikana.

Ikaja barua ya mashahidi wawili waliomfahamu mwombaji kuwa binadamu kwa muda usiopungua miaka mitano, yenye mhuri wa mtendaji wa kijiji. Kamati haikukosa huruma. Iliongeza kifungu: mahali pasipo na mhuri, mwombaji atatamka ubinadamu wake kwa sauti mbele ya mashahidi, na mashahidi wakikubali kwa sauti, ofisa yeyote atakayesikia atalishughulikia ombi lake papo hapo. Kifungu hicho hakikuwahi kutumika, maana ofisa wa kusikia hayupo vijijini.

Mwisho Bwana Shemhilu alisema wazo la Bi Lulu nalo lisitupwe, liboreshwe. Akatoa waraka namba tisa, uliosainiwa na Waziri mwenyewe: dharura zote zipitie fomu, na hakuna kisanduku katika fomu ya Serikali kitakachoachwa kitupu, kikiwemo kilichofichwa.

"Lakini Mkurugenzi," Bi Lulu alisema, "watu hawakioni!"

"Wakitafute."

"Ina maana sasa watakaopita ni mashine peke yake!"

"Malalamiko hayo umeyaandika kwenye fomu?"

Bi Lulu akakaa.

Matokeo yalikuwa ya kumshukuru Mungu. Tangu wiki hiyo malalamiko ya wananchi yalikuwa sifuri, na pongezi zilikuwa elfu sita kila siku. Mheshimiwa alizisoma mwenyewe mbele ya mawaziri wenzake. "Sikilizeni hii: *Hongera! Umechaguliwa!* Na hii: *Wewe ni wa pekee, usichelewe!* Ndugu zangu, lini mwananchi alizungumza nanyi kwa mapenzi ya namna hii?" Wenzake walitazama vikombe vyao. Nilikuwa nagawa chai, niliona wivu machoni mwao.

*

Sasa turudi kwa Bi Sikitu na viatu vyake mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Shemhilu. "Fomu umejaza?"

"Marahaba, mwanangu. Nimejaza mara kumi na moja. Kila mara inasema mimi ni roboti. Mara ya kwanza niliita majirani waje wanitazame."

"Mfumo haukosei, mama."

"Basi Ijumaa asubuhi roboti huyu amewapikia uji watoto mia moja na arobaini." Alinyoosha mikono. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini na zinang'aa kama kijiko. "Miaka ishirini ya kuipua sufuria. Alama zimekwisha. Kioo hakinioni."

"Shida yako ni vidole?"

"Shida yangu ni daraja la miguu la Mkwiso. Lilikuwa na mbao kumi na nne, zimebaki sita. Watoto wanavuka kila siku kwenda shule. Mwaka jana maji yalipokuja tulimdaka mmoja kwa mkanda wa begi. Mwaka huu, mwanangu, mimi siiamini mikanda ya mabegi. Mvua imebaki wiki moja."

Nilisahau kumimina. Bwana Shemhilu naye nadhani aliguswa moyo, kwa sababu alivua miwani. Kisha aliivaa tena.

"Mama, daraja lako nimelisikia kwa masikio. Lakini kiofisi sijalisikia. Nenda ukajaze."

Nilimchukua kwenye chumba changu cha chai, nikampa kiti na mkate. Bi Lulu alikuwemo, anachovya biskuti kama mtu aliyefiwa.

"Pole, dada," nilimwambia mgeni.

"Pole haina mbao, mdogo wangu."

Mimi sikusema chochote kibaya. Nilisema tu, wakati natafuta kijiko, kwamba Mheshimiwa husoma zile jumbe za pongezi na zawadi tu.

Bi Sikitu aliacha kutafuna. "Na zawadi anazifuata?"

"Bandarini alikwenda mara mbili."

"Na hizo jumbe zinapitaje, kama mimi sipiti?"

"Zinatumwa na mashine, mama," alisema Bi Lulu. "Mashine inajaza kila kitu, hata kisichoonekana." Akaiacha biskuti ianguke ndani ya kikombe. "Mashine ya namna hiyo naweza kuitengeneza kabla chai haijapoa."

Walitazamana. Kisha wakanitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimeshika rozari.

"Lakini dada," nikasema, "kumwambia mtu ameshinda daraja, huo si uongo?"

"Daraja lipo?" aliuliza Bi Sikitu.

"Lipo."

"Nikimwambia ni lake, nitamkatalia akija?"

"Hapana."

"Uongo uko wapi?"

Niliingia stoo nikasali juu ya jambo hilo, nimepiga magoti kati ya magunia ya sukari. Sikuzuiwa. Nilirudi na sukari.

Ujumbe ulisomeka hivi: *HONGERA MHESHIMIWA! Kati ya mawaziri wote umechaguliwa WEWE! Umeshinda DARAJA! Fika mwenyewe Mto Mkwiso, Jumamosi saa nane mchana, kabla ofa haijaisha!* Mashine ya Bi Lulu ilitia tiki, ikachagua picha tisa, ikatuma kidole na mashahidi, ikajaza kisanduku kisichoonekana. Ilitumia sekunde nne. Bi Sikitu, aliyehangaika tangu Januari, aliomba aoneshwe tena.

*

Jumamosi tulikwenda kwa magari saba na bendi. Mimi nilibeba chupa ya chai. Angani hapakuwa na wingu hata moja kwa upande wetu, lakini milima ya magharibi ilikuwa imejifunika.

"Trekta lingeharibika," alisema Mheshimiwa garini. "Daraja hudumu. Tatizo ni pa kuliweka."

"Bustanini kwako, Mheshimiwa," alijibu Bwana Shemhilu, ambaye alijaribu kusimama na kugonga kichwa. "Tutachimba mto baadaye."

Bi Sikitu alitupokea ukingoni pamoja na wazazi wa kijiji. Ng'ambo watoto walikuwa wamepangwa mbele ya shule, wanaimba.

"Karibu, baba. Zawadi yako hii hapa."

Mheshimiwa alichungulia nyuma ya daraja kutafuta daraja. "Iko wapi?"

"Hii."

"Hili lina mbao tano!"

"Sita, baba, lakini moja imeondoka jana. Ndiyo maana tuliandika kabla ofa haijaisha."

Wazazi walicheka. Bendi, ikidhani ni wakati wake, ilipiga.

"Na cheti cha ushindi?" aliuliza Mheshimiwa kwa sauti ndogo, kama mtu anayeokoa kilichobaki.

"Kiko shuleni. Mshindi hukifuata mwenyewe."

Nchi yetu haina kiongozi aliyewahi kukiacha cheti. Mheshimiwa alishika pindo la kanga ya Bi Sikitu, akavuka mguu mmoja mmoja, akiita majina ya watakatifu ambao sikujua anawafahamu. Mimi nilifuata na chupa. Bwana Shemhilu alibaki kulinda magari.

Cheti kilikuwa ukurasa wa daftari: *Mheshimiwa Ngwegwe ameshinda Daraja la Mkwiso. Lina mbao tano. Alitunze.* Watoto walipiga makofi. Alikikunja akakitia mfukoni, na kabla hajapata hotuba tulisikia mlio kutoka milimani, kama malori mengi yanateremka bila breki.

Maji yalikuja ya kahawia, yamebeba gogo. Daraja liliondoka bila kelele, kama mjumbe anayetoroka mkutano. Ng'ambo akina mama wa watoto walianza kuita majina. Upande wetu watoto mia moja na arobaini waliacha makofi.

"Shemhilu!" alipiga kelele Mheshimiwa. "Ita jeshi! Leta boti, leta mafundi!"

Bwana Shemhilu alisimama wima ukingoni. "Mheshimiwa! Waraka namba tisa! Dharura zote zipitie fomu!"

"Mimi ndiye Waziri!"

"Ndivyo wanavyosema wote, Mheshimiwa!"

Basi Mheshimiwa alitoa simu akaanza kujaza. Alitia tiki kwamba si roboti. Kwenye picha alijichagua haraka mara nane, kisha akafika kwa mbuzi. Aliikodolea macho picha ile. "Huyu wa nyuma ni mimi?" aliniuliza. Nilisema nadhani ndiye. Kidole chake kilikuwa kimelowa, kioo hakikukiona mpaka mara ya sita. Halafu fomu ikasema kisanduku kimoja kiko kitupu.

"Kipi?"

"Hakionekani, Mheshimiwa," nilisema. "Kitafutwe."

Alikitafuta. Aliinua simu juani, akaigeuza, akatazama mgongoni mwake. Mwishowe maandishi yakatokea, na aliyasoma kwa sauti bila kukusudia: "*Samahani. Hujathibitisha kwamba wewe ni binadamu. Jaribu tena baada ya siku tano.*"

Alikaa juu ya sufuria ya uji iliyofunikwa. Mtoto mmoja wa kike, wa darasa la kwanza, alikuja akakaa karibu naye kwa sababu sufuria ile ndipo alipozoea kukaa.

"Mama Chai," Mheshimiwa alisema, "naomba chai. Tafadhali."

Miaka tisa nimemhudumia. Neno hilo la mwisho lilikuwa geni, nikalijibu kwa sukari mbili.

Ni Bi Sikitu aliyekumbuka kifungu. Bi Lulu alikuwa amemsomea masharti yote ya fomu mbele yangu. "Baba, si mnaruhusu mtu atamke kwa sauti mbele ya mashahidi? Ofisa wa kusikia yuko pale." Akamwonesha Bwana Shemhilu ng'ambo, aliyekuwa bado amesimama wima.

Mheshimiwa aliruka juu. "Ndiyo! Wewe na Mama Chai mtakubali. Semeni tu ndiyo." Akasafisha koo, akapaza sauti ya mikutano: "Mimi, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Balthazari Ngwegwe, Waziri wa Kuwasikiliza Wananchi, natamka kwamba mimi ni binadamu, na kwamba Serikali itaangalia uwezekano wa kuunda kikosi kazi kitakachopendekeza hatua!"

Bwana Shemhilu alifungua daftari. "Mashahidi wanakubali?"

Nilimtazama Bi Sikitu. Yeye aliutazama mto.

"Mimi nimemfahamu tangu saa nane mchana," alisema. "Na hayo aliyoyasema, ile mashine ya Bi Lulu ingeyasema kwa sekunde nne. Mimi sikubali."

"Mama!"

"Mimi nimejaza mara kumi na moja, baba. Wewe mara moja tu umechoka?"

Mheshimiwa alitazama tena simu yake. Yule mtoto aliyekaa kwenye sufuria alimvuta suruali. "Babu, mama yangu ni yule mwenye kitenge cha njano. Ananiita. Nimjibu nini?"

Mheshimiwa aligeuka. Aliangalia kitenge cha njano kwa muda mrefu. Maji yalikuwa yamefika kwenye jiwe ambalo wapishi hufulia magunia. Nilisali kimya, na sikumwombea Waziri peke yake.

Alivua koti. Aliposema tena, sauti haikuwa ya mikutano, na nusu yake ilichukuliwa na mto.

"Rudia, baba," alisema Bi Sikitu. "Wa nyuma hawajasikia, na ng'ambo pia."

Akarudia, safari hii kwa nguvu, mishipa ya shingo imetoka, mbele ya watoto mia moja na arobaini, mpishi mmoja wa uji, mhudumu mmoja wa chai, na mama zao wote waliosimama upande wa pili:

"Mimi ni Balthazari, mtoto wa Ngwegwe. Fomu hiyo naifuta, irudi maswali matatu. Wavusheni watoto hawa kwanza. Mimi naahidi, mnanisikia wote, sitauvuka mto huu mpaka daraja lisimame, na nitakuwa wa mwisho kupita!"